Gari la Dizeli Halivuti: Tutafute Chanzo Kabla ya Kufungua Pampu



Katika vituo vyetu vingi vya afya, shule na miradi ya maji, gari linalotegemewa bado ni lile la zamani la dizeli. Lina miaka 20 au 30 na limepita mikononi mwa madereva wengi, lakini ndilo linalobeba chanjo, saruji, walimu na wagonjwa. Gari la namna hii kwa kawaida halifi ghafla. Huanza kwa kupungukiwa nguvu. Mlima lililokuwa likiupanda kwa gia ya tatu, sasa linaupanda kwa gia ya pili, baadaye kwa gia ya kwanza, na siku moja linashindwa kabisa likiwa na mgonjwa ndani.

Hapo ndipo kamati ya kituo huletewa taarifa fupi: "Fundi anasema pampu imekwisha." Pampu ya dizeli ni kati ya vifaa ghali kuliko vyote katika gari hilo. Mara nyingine fundi anakuwa sahihi. Lakini mara nyingi chanzo ni chujio lililoziba, mpira uliopasuka au uchafu ndani ya tangi, na pesa za pampu zikishatumika gari linarudi vilevile. Pesa hizo ni sadaka za washarika au fungu la mradi, na mgonjwa bado hana gari.

Katika somo hili tunajifunza utaratibu wa kutafuta chanzo. Kanuni yake ni moja: tuanze na vitu visivyo na gharama na vinavyoonekana kwa macho, na tuishie na vilivyo ghali na vilivyofichika. Si lazima uwe fundi ili kuutumia. Dereva anaweza kufanya hatua nyingi mwenyewe, na msimamizi wa kituo anaweza kuuliza maswali sahihi kabla ya kusaini malipo.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili msomaji aweze:
- kueleza injini ya dizeli inahitaji nini ili itoe nguvu;
- kutambua kundi la tatizo kwa kuangalia rangi ya moshi;
- kufuata hatua nane za uchunguzi kwa mpangilio;
- kujua ni wakati gani pampu inastahili kufunguliwa.

INJINI YA DIZELI INAHITAJI NINI?

Tuchukue mfano wa gari linalojulikana sana kwetu, Toyota Land Cruiser ya mkonga yenye injini ya 1HZ. Injini hii ilianza kutumika mwaka 1990. Ina silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, na haina tabo wala kompyuta. Yanayosemwa hapa yanafaa pia kwa magari mengine ya zamani yenye pampu ya kawaida ya dizeli.

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa hadi ibaki kama sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa kwanza, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500. Pampu husukuma dizeli kwa nguvu kupitia nozeli, dizeli inaingia kama ukungu mwembamba, inakutana na hewa ya moto na kuwaka yenyewe.

Hivyo basi, nguvu ya injini hii inategemea mambo manne:
1. Hewa safi na ya kutosha.
2. Dizeli safi na ya kutosha.
3. Dizeli kuingia kwa wakati wake, si mapema wala kwa kuchelewa.
4. Mbano mzuri ndani ya silinda.

Likikosekana moja, gari halivuti. Mawili ya kwanza huchunguzwa kwa bisibisi, spana chache na macho. Mawili ya mwisho yanahitaji vipimo vya gereji. Kwa hiyo tunaanza na hewa na dizeli.

KWANZA TUMSIKILIZE DEREVA

Kabla boneti haijafunguliwa, dereva aulizwe maswali yafuatayo, na majibu yaandikwe:
- Je, nguvu zilipungua siku moja au kidogo kidogo kwa miezi?
- Je, zinapungua wakati wote, au baada ya kutembea mwendo fulani tu?
- Je, likipumzishwa dakika 10 linarudi kuwa zuri?
- Mara ya mwisho dizeli ilijazwa wapi: kituo cha mafuta, pipa au dumu?
- Ni kazi gani ya ufundi iliyofanyika karibuni?
- Linatoa moshi wa rangi gani wakati wa kupanda mlima?

Majibu haya yana thamani kubwa. Nguvu zinazopungua kidogo kidogo kwa miezi huashiria kuziba au kuchakaa. Nguvu zilizopotea siku moja huashiria kitu kilichokatika, kilichochomoka au kilichoingia. Nguvu zinazopotea baada ya kilomita kadhaa na kurudi baada ya kupumzika huashiria karibu kila mara kwamba dizeli haifiki vizuri. Na kama gari lilianza kuumwa siku lilipotoka gereji, turudi kwanza kwenye kazi iliyofanyika huko.

Ikumbukwe pia kwamba mlima wenyewe hupunguza nguvu. Kadiri tunavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na barabara hupanda karibu mita 1,000. Kule Makete, ambako makazi mengi yako juu ya mita 2,000, gari hukosa karibu sehemu moja ya tano ya nguvu lilizo nazo pwani. Dereva aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam asidhani gari ni bovu kwa sababu hiyo tu. Tulinganishe gari na lenyewe, katika mlima uleule.

RANGI YA MOSHI INATUELEZA NINI?

Mtu mmoja aendeshe akipanda mlima, mwingine asimame pembeni mwa barabara aangalie moshi. Injini iwe imeshapata moto.

Moshi mweusi. Dizeli ni nyingi kuliko hewa. Tuangalie chujio la hewa, njia ya hewa, nozeli zinazodondosha badala ya kupuliza, au mzigo uliozidi. Moshi mweusi kidogo kwenye milima mirefu si ajabu, kwa sababu hewa ni pungufu.

Gari halivuti na halitoi moshi. Injini ina njaa. Dizeli haifiki ya kutosha. Tuangalie waya wa pedali ya mafuta, chujio la dizeli, mabomba, tangi, na mwisho kabisa pampu.

Moshi mweupe. Ukinuka dizeli mbichi na kuwasha macho, dizeli inaingia lakini haiwaki vizuri: wakati wa kuingiza dizeli umekosewa, mbano ni dhaifu, au hewa imeingia kwenye dizeli. Ukiwa ni mvuke usiokwisha hata injini ikipata moto, na maji ya radieta yanapungua, tushuku gasketi ya silinda hedi. Hapo gari lisimamishwe, lisiendelee na safari.

Moshi wa bluu. Oili ya injini inaungua. Ringi, silinda au sili za valvu zimechakaa.

Moshi hautupi jibu la mwisho, lakini unatuambia tuanzie upande gani.

HATUA NANE ZA UCHUNGUZI

Hatua ya 1: Je, gari limekosa nguvu au linazuiwa?
Tafuta mahali tambarare, weka gia huru na uachie breki. Gari lisukumwe na watu. Likiwa zito kupita kawaida, breki zinakamata. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na kila ringi ya gurudumu bila kugusa. Moja likiwa na joto kali kuliko mengine, hapo pana breki inayong'ang'ania. Kisha tazama klachi: ukikanyaga mafuta mlimani, mlio wa injini ukapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kasoro zote mbili hazihusiani na injini, ingawa injini ndiyo hulaumiwa.

Hatua ya 2: Pedali ya mafuta
Injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho. Mwingine atazame mkono wa pampu chini ya boneti. Mkono huo lazima ufike hadi kwenye skrubu ya kikomo chake. Usipofika, waya umelegea, umeliwa, au zulia limejikunja chini ya pedali. Jaribio hili huchukua dakika moja na halina gharama yoyote.

Hatua ya 3: Njia ya hewa
Toa chujio la hewa. Weka tochi upande wa ndani. Mwanga usipopita, chujio limeziba. Chujio la karatasi halipigwi kwenye tairi, kwa sababu karatasi hupasuka na vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda. Lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, au libadilishwe. Angalia ndani ya mkonga pia. Gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika, nyigu huweza kujenga humo kiota cha udongo. Kagua mpira mkubwa wa hewa: ukiwa umelainika, hunywea injini inapovuta kwa nguvu, na ukisimama kuutazama unauona mzima. Safisha pia kipande cha mpira kilicho chini ya nyumba ya chujio, ambacho hutoa vumbi.

Hatua ya 4: Bomba la moshi
Kagua bomba lote chini ya gari. Bomba lililobondeka kwa jiwe, au sailensa iliyovunjika ndani, huzuia moshi kutoka. Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii.

Hatua ya 5: Chujio la dizeli na maji
Legeza kizibo cha chini cha chujio, piga pampu ndogo ya mkono iliyo juu yake, na kinga dizeli katika chupa au glasi inayoona. Iache itulie. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo yatakaa chini na utaona mstari. Ukiona maji, endelea kumwaga hadi itoke dizeli tupu. Ukiona utelezi mweusi, hao ni vijidudu wanaoota palipo na maji ndani ya tangi. Tangi lazima lisafishwe. Badilisha chujio, kisha ondoa hewa kwa kupiga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

Pampu hiyo ya mkono ni kipimo pia. Ukiibonyeza ikabaki chini au ikarudi juu polepole sana, kuna kizuizi kati ya tangi na chujio. Ikiwa ngumu jioni na laini asubuhi, kuna mahali hewa inaingia.

Hatua ya 6: Hewa kwenye dizeli
Katika magari mengi ya aina hii, pampu huvuta dizeli kutoka kwenye tangi. Bomba linalovuta, likipata ufa mdogo, halimwagi dizeli nje bali huingiza hewa ndani. Ndiyo maana watu hutafuta tone la dizeli chini ya gari wasilione. Unganisha kipande kifupi cha mpira unaoona ndani kati ya chujio na pampu, kisha washa injini. Mapovu yasiyokwisha yanaonyesha kwamba hewa inaingia. Kaza klipu, badilisha mipira iliyokauka na ringi za mpira zilizochakaa, na urudie jaribio.

Hatua ya 7: Jaribio la dumu
Hatua hii ndiyo inayotenganisha tatizo la pampu na tatizo la tangi. Chukua dumu safi lenye dizeli safi iliyochujwa. Chomoa bomba linalotoka kwenye tangi kuja kwenye chujio, na badala yake unganisha mpira unaotoka kwenye dumu. Bomba la kurudishia dizeli nalo lielekezwe kwenye dumu hilo. Mfuniko uwe na tundu dogo la kuingiza hewa. Dumu lifungwe imara nje ya gari, juu kuliko chujio, mbali na bomba la moshi, kamwe lisiwekwe ndani wanamoketi watu. Ondoa hewa, kisha mpande mlima uleule uliowashinda, dereva na fundi peke yao, kwa mwendo mfupi.

Nguvu zikirudi, pampu ni nzima. Chanzo kiko kati ya tangi na chujio: uchafu, bomba lililobondeka, au tundu la hewa la tangi lililoziba. Kuhusu hilo la mwisho, fungua mfuniko wa tangi mara gari linaposhindwa. Ukisikia hewa ikivutwa kwa kishindo na nguvu zikarudi, umeshapata jibu.

Nguvu zisiporudi, sasa tuna sababu ya kwenda hatua ya mwisho.

Hatua ya 8: Vipimo vya gereji
Hapa fundi mwenye vifaa aendelee kwa mpangilio huu: nafasi za valvu, wakati wa pampu na alama za mkanda wa taiming, nozeli zitolewe na kupimwa kwenye mashine, mbano wa kila silinda upimwe kwa geji. Namba za vipimo zilinganishwe na kitabu cha gari, na silinda zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Mkanda ukifungwa ukiwa umeruka jino moja, gari hukosa nguvu hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Na ukikatika, valvu hugongana na pistoni. Hivyo ubadilishwe kwa kilomita zilizoandikwa kitabuni, bila kungoja uonyeshe dalili.

TAHADHARI

Dizeli inayotoka kwenye nozeli ina msukumo mkubwa kiasi cha kupenya ngozi. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya nozeli au bomba lake linapovuja. Mtu akipenywa na dizeli, hata kama kidonda ni kama cha sindano, apelekwe hospitali mara moja.

Magari mapya zaidi ya dizeli yanayoongozwa na kompyuta yana msukumo mkubwa zaidi ya huo. Mabomba yake ya nozeli yasilegezwe kabisa injini ikiwa inafanya kazi, hata kama fundi amezoea kufanya hivyo kwenye magari ya zamani. Katika magari hayo, hatua ya 1, 3 na 4 zinafaa, na chujio la dizeli libadilishwe na maji yamwagwe kwa kufuata kitabu cha gari. Mengine yasomwe kwa mashine. Kwa magari yenye tabo, kagua mipira yote inayopeleka hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini. Ufa mmoja huleta moshi mweusi na kuondoa nguvu nyingi.

MFANO KUTOKA KITUO KIMOJA

Kituo kimoja cha afya cha milimani kilikuwa na Land Cruiser ya mwaka 1996. Gari hili ndilo lililopeleka hospitali ya wilaya akina mama waliopata uchungu pingamizi. Lilianza kushindwa mlima. Asubuhi liliondoka vizuri, lakini baada ya kilomita 15 hivi lilinyong'onyea bila kutoa moshi, likazimika. Likipumzishwa kidogo, liliendelea kana kwamba halikuwa na ugonjwa. Gereji ya mjini ilikagua na kuandika makadirio ya kufungua pampu na kubadilisha nozeli zote. Kituo hakikuwa na fedha hizo, na kikaanza kufikiria kusimamisha huduma ya gari hadi bajeti ya mwaka uliofuata.

Kabla ya uamuzi, dereva aliulizwe maswali yale yaliyotajwa juu. Ikabainika kwamba wiki mbili kabla ya tatizo kuanza, dizeli iliadimika na tangi lilijazwa kutoka kwenye pipa. Chujio lilibadilishwa, nafuu haikupatikana. Likafanyika jaribio la dumu. Gari lilipanda mlima wote bila kusita.

Tangi liliposhushwa, ndani yake kulikuwa na utelezi mweusi na kipande cha nailoni kilichotoka kwenye mfuniko wa pipa. Injini ilipovuta, nailoni ilisogea na kuziba mdomo wa bomba. Injini ilipozimwa, iliachia na kuelea. Ndiyo sababu gari lilipona kila lilipopumzika. Tangi lilisafishwa, bomba likapulizwa, chujio jingine jipya likafungwa. Pampu haikuguswa. Gari lilirudi kazini siku iliyofuata.

Tusiseme kwamba gereji ile ilikuwa na nia mbaya. Ilitazama injini iliyokosa dizeli, na pampu ndiyo inayoleta dizeli. Kilichokosekana ni historia ya gari na jaribio moja tu.

PAMPU IKIWA MBOVU KWELI

Pampu nazo huchakaa. Ndani yake hulainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo maji na mafuta ya taa huimaliza haraka. Uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa ulikuwa tatizo kubwa nchini, hata EWURA ikaanza mwaka 2010 utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta. Tununue dizeli kwenye kituo kinachoaminika na tutunze risiti. Tukilazimika kutumia pipa, tuchuje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na tusikombe sehemu ya chini kabisa.

Pampu iliyochoka huwa na dalili zake: gari huwa gumu kuwaka likiwa la moto, nguvu ni pungufu wakati wote na si baada ya kilomita kadhaa tu, na jaribio la dumu halileti nafuu. Hapo ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu. Tuombe vipimo vya kabla na baada ya matengenezo kwa maandishi, na tuombe kurudishiwa vifaa vilivyobadilishwa.

Tujihadhari na njia moja ya mkato. Baadhi ya mafundi hukata sili ya pampu na kufungua skrubu ili iongeze dizeli. Gari huvuta vizuri kwa siku chache na kila mtu hufurahi. Lakini ikiwa tatizo lilikuwa hewa pungufu, dizeli hiyo ya ziada haina hewa ya kuichoma. Moshi mweusi huongezeka, matumizi ya dizeli hupanda, joto huzidi, na pistoni au silinda hedi huharibika. Sili ya pampu ikiwa imekatwa, mwenye kusaini malipo aulize sababu.

DAFTARI NA MLIMA WA KIPIMO

Katika miradi yetu tunajua kwamba hatuwezi kupima maendeleo bila takwimu za mwanzo. Gari nalo ni hivyo. Kila kituo kichague mlima mmoja wa kipimo. Gari likiwa zima, dereva apande na mzigo wa kawaida, aandike gia na mwendo anapofika alama fulani, kwa mfano daraja au kona. Jaribio lirudiwe kila baada ya miezi mitatu. Mwendo ukishuka kutoka kilomita 40 kwa saa hadi 30 katika mlima uleule na mzigo uleule, tunajua tatizo limeanza kabla halijatushinda njiani.

Aidha, dereva aandike lita na kilomita kila anapojaza. Gari lililokuwa likienda kilomita 8 kwa lita moja likianza kwenda 6, linatuambia jambo. Daftari liwe na tarehe ya kubadilisha chujio la hewa, chujio la dizeli, oili na mkanda wa taiming. Katika barabara za vumbi, chujio la hewa likaguliwe kila wiki.

Pendekezo kwa kamati za vituo: makadirio ya kufungua pampu au injini yasikubaliwe mpaka hatua ya 1 hadi ya 7 ziwe zimefanyika, na matokeo yake yaandikwe na kusainiwa na dereva pamoja na fundi. Karatasi moja inatosha. Gari likiwa limekwama njiani na mgonjwa, bila shaka mgonjwa ahamishiwe gari jingine kwanza, uchunguzi utafuata.

MASWALI YA KUJADILI

1. Gari la kituo chenu lilipungukiwa nguvu mara ya mwisho lini? Ni kifaa gani kilibadilishwa, na nani aliyethibitisha kwamba ndicho kilichokuwa kibovu?
2. Gari halivuti mlimani na halitoi moshi wowote. Taja mambo matatu mtakayoangalia kwanza, na sababu yake.
3. Gari lilianza kutoa moshi mweusi taratibu tangu kiangazi kilipoanza. Mtaanzia wapi?
4. Dizeli yenu hutoka wapi wakati inapoadimika? Mna njia gani ya kuichuja na kuitunza?
5. Dereva wenu anashirikishwaje katika maamuzi ya matengenezo? Je, maneno yake huandikwa?
6. Chagueni mlima wa kipimo wa kituo chenu, na mpange tarehe ya jaribio la kwanza.

Somo hili lisomwe pamoja na madereva, si katika ofisi peke yake. Wao ndio wanaolisikia gari kila siku, na mara nyingi jibu tunalolitafuta mjini kwa gharama kubwa wanalo wao tayari.